Mwanao anajua kutofautisha kilichotokea na anachodhani?

Dar es Salaam. Mtoto wa darasa la kwanza anaingia ndani, anatupa begi kwenye kochi na kusema: "Mama, mwalimu wa hesabu ni mbaya."

Katika nyumba nyingi jibu linakuja papo hapo. Mzazi mmoja atasema, "Mwalimu hasemwi hivyo, kuwa na adabu." Mwingine atashika simu na kuandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwamba mwalimu huyo anawaonea watoto.

Wazazi hawa wanaonekana tofauti, lakini wamefanya jambo moja: wamejibu kabla ya kusikia kilichotokea. Mtoto ametoa maoni tu, kisa hajakieleza. Huenda amechapwa. Huenda amenyimwa zamu ya kufuta ubao. Huenda amehamishwa dawati kwa sababu alikuwa anaongea na rafiki yake. Neno "mbaya" linaweza kubeba lolote kati ya hayo, na kila moja linahitaji hatua yake.

Kumfundisha mtoto kutenganisha kisa na maoni kunaweza kuonekana ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Ukifuatilia masuala ya afya ya watoto, unagundua ni kazi inayoanzia nyumbani, na wakati mwingine inagusa usalama wa mtoto mwenyewe. Daktari anaihitaji stadi hiyo, askari wa dawati la jinsia na watoto anaihitaji, na wewe mzazi unaihitaji kila siku mtoto anaporudi kutoka shuleni au kucheza.

Vitu vitatu tofauti

Maneno ya mtoto mdogo yanaweza kupangwa katika mafungu matatu.

La kwanza ni kisa, yaani jambo lililotokea. Kisa kina nani, wapi, lini, nini kilianza na nini kikafuata. "Juma alinisukuma kwenye bembea, nikaanguka, goti likatoka damu." Mtu mwingine aliyekuwepo pale angeweza kukithibitisha au kukikanusha.

La pili ni maoni, yaani mtu anavyohisi au anavyofikiri. "Juma ni mkorofi." Mtoto mwingine anaweza kusema Juma ni mchangamfu tu, na wote wawili wasiwe waongo.

La tatu ni hadithi ya kubuni. Hapa wazee wetu walitusaidia kitambo. Msimulizi akisema "Paukwa!" na watoto wakajibu "Pakawa!", au akianza na "Hadithi, hadithi!" wakaitikia "Hadithi njoo!", kila aliyeketi pale anajua kinachofuata ni cha kubuni. Hakuna anayemdai bibi ushahidi kwamba Sungura aliongea na Fisi. Mtoto anajifunza kwamba yapo maneno ya kufurahisha na kufunza ambayo hayadai kuwa yalitokea.

Ugumu ni kwamba kisa na maoni havina mwitikio wa namna hiyo. Havitangazwi vinapoanza. Sentensi moja ya mtoto inaweza kuanza na kisa na kuishia kwenye maoni, na asiyesikiliza kwa makini akadhani yote yametokea.

Mtego wa neno 'kuona'

Kiswahili chenyewe kinampa mtoto mtihani mdogo. Tunasema "niliona" tukimaanisha kwa macho, halafu tunasema "naona" tukimaanisha tunafikiri. "Niliona Asha akichukua penseli" ni kisa. "Naona Asha ndiye aliyechukua penseli" ni maoni. Hata neno "maoni" limetokana na kuona.

Mtu mzima anatambua tofauti kutokana na mazungumzo yalivyo. Mtoto wa miaka 5 anaweza kusema sentensi ya pili kwa uhakika uleule wa ya kwanza, bila kujua kwamba hakuna alichokishuhudia.

Ndiyo maana maswali mawili yanafaa kuzoeleka ndani ya nyumba: "Uliona kwa macho, au unadhani?" na "Ulisikia mwenyewe, au uliambiwa?" Yaulizwe kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza chakula kilikuwaje. Yakiulizwa kwa ukali, mtoto anadhani anaitwa mwongo na anafunga mdomo.

Aanze akiwa na umri gani?

Mtoto wa miaka 3 akisema ameona simba nyuma ya nyumba, usikimbilie kumwadhibu kwa uongo. Katika umri huo mstari kati ya alichowaza, alichokiona kwenye televisheni na kilichotokea haujakaa sawa. Kucheza na rafiki wa kufikirika au kumpikia mwanasesere ni sehemu ya ukuaji.

Mwaka 1983 watafiti Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. Watoto walisimuliwa kuhusu mvulana aitwaye Maxi aliyeweka chokoleti kwenye kabati na kutoka nje. Mama yake akaihamishia kabati lingine bila yeye kujua. Maxi akirudi, ataitafuta wapi? Watoto wadogo walielekeza kwenye kabati jipya, kwa sababu wao walijua chokoleti ipo huko. Wakubwa kidogo walielewa kwamba Maxi ataenda alipoiacha, kwa kuwa ndivyo anavyoamini.

Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba watoto wengi huanza kuelewa jambo hili wakiwa na miaka 4 hadi 5. Hapo ndipo mtoto anapogundua kwamba kichwani mwa mwenzake kuna mawazo tofauti na yake, na kwamba mtu anaweza kuamini kitu ambacho sicho. Bila hatua hiyo, neno "maoni" halina maana kwake. Mandazi ni matamu, basi, na asiyeyapenda amekosea.

Kwa hiyo mtoto wa miaka 3 mpe hadithi na mazungumzo mengi bila kumsahihisha sana. Kuanzia miaka 4 au 5 anza kutumia maneno "nadhani", "nahisi" na "kwangu mimi". Akifika miaka 6 hadi 8 anaweza kukueleza kwanza kilichotokea, kisha anachofikiri, kisha sababu. Watoto hawalingani, hivyo usimpime wako kwa wa jirani.

Maoni ya wakubwa yanapogeuka kisa cha mtoto

Utafiti unaoonyesha vizuri hatari ya kuchanganya mambo haya ulichapishwa mwaka 1995 na Michelle Leichtman na Stephen Ceci wa Marekani. Walifanya kazi na watoto wa miaka 3 hadi 6 katika shule za awali.

Mgeni aitwaye Sam Stone alitembelea darasa kwa dakika chache. Aliwasalimia watoto, akazungukazunguka na kuondoka. Hakuharibu kitu. Lakini kabla ya siku hiyo, baadhi ya watoto walikuwa wamesimuliwa kwa wiki kadhaa kwamba Sam Stone ni mtu asiye makini, anayeangusha na kuvunja vitu. Baada ya ziara, baadhi yao waliulizwa mara kwa mara maswali yaliyobeba majibu ndani yake, kama vile Sam Stone alipochana kitabu, alikichana kwa hasira au kwa bahati mbaya?

Wiki 10 baadaye mtu mwingine aliwauliza nini kilitokea. Miongoni mwa waliopewa vyote viwili, yaani maoni ya awali na maswali ya kuongoza, wengi wa wadogo zaidi, wa miaka 3 na 4, walisema Sam Stone aliharibu kitabu au mdoli wa dubu. Baadhi walisema walimwona kwa macho yao.

Upande wa pili wa utafiti huo ni muhimu vilevile. Watoto ambao hawakuambiwa lolote kuhusu Sam Stone na waliulizwa bila kuongozwa, karibu wote walieleza sawasawa. Mtoto mdogo anaweza kuwa shahidi mzuri. Kinachomharibu mara nyingi ni maneno ya mtu mzima.

Lilete hilo nyumbani kwako. Familia ikisema kila siku mbele ya mtoto kwamba dada wa kazi ni mwizi, kisha sukari ikapungua, utashangaa mtoto akisema alimwona akichukua? Hadanganyi kwa makusudi. Amejaza pengo la kisa kwa maoni aliyoyasikia, na mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa sababu hiyo.

Chumba cha daktari kinahitaji kisa

Tabia ya kuchanganya kisa na maoni haiko kwa watoto peke yao. Wazazi wengi wakifika zahanati husema, "Mtoto ana malaria." Hayo ni maoni. Kisa ni kwamba mwili umechemka tangu jana jioni, ametapika mara tatu, amekataa uji na hajakojoa tangu asubuhi.

Kwa miaka mingi homa na malaria vilichukuliwa kama kitu kimoja katika maeneo mengi ya Afrika, na mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa darubini au kwa kipimo cha haraka, kabla ya kutibiwa. Homa inaweza kutokana na nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au maradhi mengine. Anayekimbilia maoni anaweza kutibu ugonjwa ambao haupo na kuuacha ulipo.

Mtoto naye anaweza kuzoezwa kutoa kisa cha mwili wake. Akisema "naumwa", msaidie kufika mbali zaidi: "Nionyeshe kwa kidole panapouma. Kulianza kabla ya kula au baada? Kunauma muda wote au kunakuja na kuondoka?" Mtoto wa miaka 6 anaweza kujibu mengi ya maswali haya, na majibu yake yanamsaidia mhudumu wa afya kuliko neno "tumbo" peke yake.

Mazoezi hayo yanamfaa pia uvumi unapopita shuleni. Chanjo ya HPV, inayokinga dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Binti wa miaka 9 akirudi na maneno kwamba chanjo hiyo inaharibu kizazi, madai ambayo hayana ushahidi, muulize: Nani alisema? Yeye alijuaje? Alimwona nani? Aliyezoea maswali hayo tangu akiwa mdogo atayauliza mwenyewe huko huko uwanjani.

Usalama wake unategemea kisa

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa zito. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Mtoto aliyefanyiwa jambo baya mara nyingi hana maneno ya kulieleza. Anachoweza kusema ni "Simpendi anko" au "Sitaki kwenda kule". Hayo ni maoni, na wengi tumelelewa kuyakemea: mkubwa hasemwi hivyo. Ukimkemea hapo, mlango umefungwa, na kisa kilichokuwa nyuma ya maneno hayo kinabaki ndani ya mtoto.

Fanya tofauti. Kaa chini, mwambie, "Nimesikia humpendi. Niambie kilichotokea." Kisha nyamaza. Akisimama, mwambie, "Halafu?" Usimtajie jina la mtu wala kitendo ambacho yeye hajakitaja. Usiulize "Alikushika hapa, eti?" Swali la namna hiyo linaweza kumtia maneno mdomoni, kama ilivyokuwa kwa watoto wa Sam Stone, na baadaye kisa cha kweli kikaonekana kimetungwa. Mhakikishie kwamba kusema "sijui" au "sikumbuki" ni sawa, na kwamba hajakosea kukueleza.

Ukishasikia ya kutosha kujua kuna tatizo, usiendelee kumhoji usiku kucha wala kumwita kila ndugu aje asikie. Kila anayemuuliza upya anaongeza nafasi ya maneno kuchanganyika. Mpeleke kituo cha afya na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga simu ya bure 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Sheria inampa mtoto nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi mahakamani bila kula kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Katika makosa ya kujamiiana, mahakama inaweza kumtia hatiani mshtakiwa kwa ushahidi wa mtoto aliyeathirika peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Kisa cha mtoto, kikiwa chake na si cha mama wala shangazi, kina uzito.

Mazoezi ya nyumbani

Hakuna haja ya kununua kitu. Tumia nafasi ulizonazo.

Jioni wakati wa chakula, muulize maswali mawili badala ya lile la "Shule ilikuwaje?" Kwanza, "Nini kilitokea leo?" Akimaliza, "Wewe ulionaje?" Baada ya wiki chache atayatenganisha bila kuongozwa.

Mkimaliza hadithi ya Sungura na Fisi, muulize Sungura alifanya nini. Hilo lina jibu ndani ya hadithi. Kisha muulize kama Sungura alifanya vizuri. Hapo kaka na dada wanaweza kupingana, na kila mmoja aseme sababu: "Nadhani alikosea kwa sababu Fisi alikuwa amemwamini." Neno "kwa sababu" ndilo linalomfundisha mtoto kwamba maoni yanahitaji mguu wa kusimamia, na mguu huo mara nyingi ni kisa.

Kwenye mpira, nyumba zetu zina darasa tayari. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Hicho ni kisa, na shabiki wa Simba hawezi kukibadilisha hata kikimuuma vipi. "Yanga ndiyo timu bora nchini" ni maoni, na mtaani mtabishana mpaka umeme ukatike. Mpe mtoto sentensi tano za mpira, aseme ipi ni ipi.

Jikoni nako kuna mifano. "Wali umeungua chini" kinaweza kuthibitishwa kwa kufunua sufuria. "Wali huu si mtamu" ni lake yeye aliyesema, na aseme kwa adabu.

Epuka makosa matatu. Usimcheke akikosea. Usimwambie mbele ya wageni, "Huyu anatunga sana," maana hilo nalo ni maoni yatakayomfuata siku akiwa na kisa cha kweli. Na usimfundishe kwamba maoni hayana thamani. Mtoto anayesema "nahisi naogopa" amekupa taarifa ya muhimu, hata kama bado hajajua aeleze nini.

Anakusikiliza wewe

Mtoto atajifunza zaidi kwa anachokisikia sebuleni kuliko kwa maswali ya mezani. Tukisema "Mpangaji wa chumba cha mwisho mchawi" kwa sauti ile ile tunayosema "Leo maji yamekatika", tumemfundisha kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Tukisambaza ujumbe wa simu usio na mwenyewe na kumwambia, "Ndivyo ilivyo," tumemfundisha tena.

Jaribu wiki hii kusema "nadhani" kila unapodhani, na "niliambiwa" kila ulipoambiwa. Mwanzoni utasahau. Mtoto wa miaka 6 akishaujua mchezo huu ataanza kukuuliza, "Baba, uliona kwa macho au unadhani?" Akikuuliza hivyo, usimwambie anamkosea mkubwa adabu. Mjibu.